Kuitwa Si Kuingia: Chuo, Bweni na Familia ya Mombasa

Mama mmoja wa Kisauni aliingia kwenye saiba, duka la intaneti, ya Kongowea ninapokaa kila msimu wa matokeo kuwasaidia watu kujaza fomu. Alikuwa na karatasi aliyoikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la leso pamoja na noti ya shilingi mia mbili. Ilikuwa barua ya mwanawe ya kuitwa chuo kikuu cha umma, kozi aliyoitaka, jina limeandikwa sawasawa. "Mwalimu, mwanangu kashaingia," aliniambia, "nataka kopi moja tu nimpelekee mjomba wake." Nikaisoma barua. Siku ya kuripoti ilikuwa imebakia siku tisa. Nikamuuliza kama kijana ameshaomba ufadhili na mkopo. Akanyamaza, kisha akaniuliza: "Kwani si serikali ndiyo iliyomwita?"

Ndiyo, ni serikali. Lakini iliyomwita ni ofisi moja, ya kumlipia ni ofisi nyingine, na ya kumpa kitanda ni chuo chenyewe. Kila mlango una fomu yake na tarehe yake ya kufungwa, na ukipita mmoja, wa pili hauna habari kwamba umepita. Watoto wengi niliowaona wakikwama walifaulu mtihani vizuri. Walikwama katika wiki zinazofuata matokeo, nyumba nzima ikiwa imeshapika pilau na kuwapigia simu jamaa wote.

Miaka hii mambo yameongezeka uzito kwa sababu nyumba moja inaweza kuwa na mifumo miwili. Mkubwa yuko kwenye mfumo wa zamani wa 8-4-4 na atafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ambao darasa la mwisho la mfumo huo litaufanya 2027. Mdogo wake yuko kwenye mtaala mpya wa umilisi (CBC), ambao kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mzazi anasikia maneno ya wote wawili meza moja na kuyachanganya. Basi nitayatenga, nianze na mkubwa.

Gredi moja, pointi nyingi

Katika KCSE kila somo lina pointi, kuanzia 12 za A mpaka 1 ya E. Tangu watahiniwa wa 2023, gredi ya jumla hupatikana kwa masomo saba: Hisabati, lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Jumla kubwa kabisa ni 84. Mwenye 46 hadi 52 amepata C+, na C+ ndiyo kizingiti cha shahada. Diploma huanzia C-, cheti huanzia D, na chini ya hapo kuna kozi za ufundi za ngazi ya kwanza ambazo hazimfukuzi hata mwenye E.

Familia nyingi husoma gredi ile na kufunga hesabu hapo. Ana B-, basi ataenda kokote. Lakini KUCCPS, shirika la umma linalowapangia wanafunzi vyuo, haligawi nafasi kwa gredi ya jumla. Linatumia pointi za klasta, na pointi hizo hubadilika kulingana na kozi anayoitaka mtoto.

Klasta ni fungu la masomo manne ambayo kozi fulani huyatazama. Pointi za masomo hayo manne hujumlishwa na kugawanywa kwa 48, ambayo ndiyo jumla kubwa inayowezekana. Pointi za masomo yote saba hugawanywa kwa 84. Majibu hayo mawili huzidishwa, hutafutiwa kipeuo cha pili, halafu huzidishwa kwa 48. Ukisikia mtu anasema "ana klasta ya thelathini na tano", hapo ndipo ilipotoka.

Chukua msichana wa kubuni, wa aina ninayokutana nayo kila mwaka hapa mjini: Kiswahili A- (11), Dini ya Kiislamu A- (11), Historia B (9), Biashara B- (8), Kiingereza B- (8), Baiolojia C+ (7), Kemia C- (5), Hisabati D+ (4). Masomo yake saba ni Hisabati, Kiswahili, na matano bora yaliyobaki. Jumla ni 58, yaani B-. Nyumbani wamekubaliana atasomea uuguzi.

Klasta ya kozi za tiba hutazama Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Kwake ni 7, 5, 4 na 11, jumla 27. Fanya ile hesabu na utapata takriban 29.9. Sasa mtazame kwa kozi ya sayansi za jamii inayochukua Kiswahili, Baiolojia, Dini na Historia: 11, 7, 11 na 9, jumla 38. Hesabu ileile inatoa takriban 35.5. Ni mtoto yuleyule mwenye cheti kilekile, ila mlango mmoja unamuona mnyonge na wa pili unamuona wa kugombewa. Na kabla ya pointi kuna sharti la somo: kozi kama uuguzi huweka gredi ya chini ya Baiolojia na Kemia, na C- ya Kemia inaweza kumtoa kabla hata hesabu haijaanza.

Hesabu ya mezani hutofautiana kidogo na ile ya KUCCPS, kwa sababu wao hutumia alama halisi za mtihani na siyo pointi za gredi peke yake. Klasta kamili huonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi katika tovuti yao. Pale pale huonyeshwa pia pointi za mwisho za miaka iliyopita kwa kila kozi na kila chuo. Pointi hizo wazazi huzifanya kama bei iliyobandikwa dukani. Si bei. Ni pointi za mtu wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule. Wakiomba wengi wenye alama kubwa mwaka huu, zitapanda, na wakiomba wachache zitashuka. Kwa hivyo mwambie mtoto apange chaguo zake kama ngazi: moja la juu ya uwezo wake kidogo, mawili au matatu yanayomtosha, na moja ambalo hata mambo yakienda kombo atalipata na ataridhika nalo. Neno la maana hapo ni ataridhika. Nimewaona vijana wakijaza chaguo la mwisho kwa kubahatisha, wakaitwa kwalo, wakakaa nyumbani mwaka mzima wakiona haya kusema kwamba hawaitaki kozi ile.

Akikosa yote, kuna awamu nyingine ya kuomba nafasi zilizobaki, na waliopangiwa hufunguliwa dirisha la kuomba kuhamia kozi au chuo kingine. Madirisha haya hufunguliwa kwa siku chache tu. Ndiyo maana namba ya simu na anwani ya barua pepe kwenye akaunti ile lazima ziwe za mwanafunzi mwenyewe, na neno la siri liandikwe daftarini. Kila mwaka tunapoteza siku nzima kumtafuta kijana wa saiba nyingine aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe.

Kuhusu aibu ya diploma

Nitasema wazi ninavyoona: katika mji huu tumeidharau diploma kupita kiasi, na tumewaumiza watoto. Mtoto wa C+ hafifu anasukumwa kwenye shahada yoyote ilimradi aitwe mwanafunzi wa chuo kikuu, huku hapa hapa pwani kuna vyuo ambavyo watu wa bara hufunga safari kuja kusoma.

Pale Tudor kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wazee wetu bado wanakikumbuka kwa jina la MIOME, taasisi iliyoanzishwa wakati wa ukoloni kuwafundisha vijana wa Kiislamu ufundi. Baadaye kikawa politekniki, na 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Bado kinatoa diploma pamoja na shahada. Kwenye barabara ya Kisauni kuna Kenya Coast National Polytechnic. Kuna KMTC kwa kazi za afya, chuo cha ualimu Shanzu, na ukivuka daraja la Nyali ukaenda mbele utafika Kilifi, kwenye Chuo Kikuu cha Pwani. Mwenye diploma nzuri ya umeme au ya maabara anaweza kujiunga na shahada baadaye, na akaijia akiwa tayari anajua kushika kazi.

Bandari Maritime Academy, chuo cha ubaharia hapa mjini, inastahili neno lake. Kijana wa Likoni au Mtongwe ameziona meli tangu alipozaliwa, na akisikia kazi ya ubaharia moyo humuenda mbio. Madalali wanalijua hilo. Mtu atamwambia lipa kiasi hiki, utapata vyeti na mkataba wa meli. Ukweli ni kwamba mabaharia duniani wanafungwa na mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vyao, STCW, na hata wa cheo cha chini kabisa lazima apite mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na wajibu kwa wenzake melini. Cheti hicho hakina maana kama chuo hakijaidhinishwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Kabla ya kutoa shilingi moja, nenda ofisini kwao ukaulize jina la chuo.

Swali hilo la idhini linahusu vyuo vyote vya binafsi. Vyuo vya kiufundi husajiliwa na TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, vyuo vikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na orodha zao ziko wazi kwenye tovuti. Lakini usajili wa chuo hautoshi, kozi yenyewe iwe imeidhinishwa. Na uliza swali la pili ambalo watu huliona dogo: cheti mwisho wa siku kitatolewa na nani? KNEC, baraza la mitihani la taifa? TVET CDACC, baraza la kutahini kozi za ufundi? Au ni chuo chenyewe kinajichapia? Mpwa wangu alisoma miezi kumi na minne katika chuo kimoja cha ghorofani hapa mjini, akalipa karo yote, na siku ya kuulizia mtihani ndipo akaambiwa kozi ile haikuwa na mtihani wa taifa. Dada yangu alikuwa amelipa kwa pesa za kuuza viazi karai kila jioni. Sikuwa nimeuliza swali hilo, na mimi ndiye niliyempeleka.

Mlango wa pesa

Turudi kwa mama wa Kisauni. Tangu 2023 chuo kikuu cha umma hakilipiwi tena kwa mtindo wa zamani ambapo serikali ilitoa kiasi kilekile kwa kila mwanafunzi aliyepangiwa. Sasa mwanafunzi mwenyewe huomba, na familia yake hupimwa uwezo. Maombi ni ya vitu viwili: ufadhili, ambao haulipwi, na mkopo kutoka HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unaolipwa kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka baada ya masomo. Asiyeomba huhesabiwa kama mtu anayejilipia kila kitu. Hakuna anayemfuata nyumbani kumkumbusha.

Kwa waliojiunga 2024 kulikuwa na madaraja matano. Daraja la kwanza, la familia zenye kipato kidogo kabisa, lilipata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikabakiwa na 5. Daraja la tano lilipata ufadhili wa asilimia 30, mkopo 30, na familia ikabeba 40. Ukichukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, nyumba ya daraja la kwanza italipa 10,000 na ya daraja la tano 80,000. Juu yake kuna mkopo wa kujikimu, uliokuwa 60,000 kwa mwaka kwa daraja la kwanza na 40,000 kwa la tano. Mpango huu umepita mahakamani: Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha uamuzi huo ukasitishwa kwenye rufaa, na 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo za vyuo vikuu vya umma. Kwa hivyo soma viwango vya mwaka wa mtoto wako mwenyewe, usishike vya jirani aliyeingia mwaka juzi. Kinachobaki vilevile ni kwamba bila kuomba hupati.

Daraja hupangwa kutokana na majibu ya fomu: kipato cha wazazi, ukubwa wa familia, mtoto alisoma shule gani na alilipa kiasi gani. Hapa nawaomba wazazi wenzangu wasione haya. Baba anayepika mahamri alfajiri huandika "mfanyabiashara" na kuweka kipato cha mwezi mzuri, kwa sababu mtoto anatazama na hataki kuonekana duni mbele yake. Andika mwezi wa kawaida. Ukiona daraja ulilopewa halilingani na hali yenu, pana nafasi ya kukata rufaa na kuambatisha ushahidi.

Karatasi ndizo huchelewesha watu. Mtoto aliyefika 18 awe na kitambulisho, na laini ya simu iandikishwe kwa kitambulisho hicho. Namba za vitambulisho vya wazazi wote wawili zinatakiwa. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa aonyeshe cheti cha kifo, na hapo nimewaona bibi wengi wakikwama. Bibi mmoja wa Bamburi alimlea mjukuu tangu babake afe, marehemu akazikwa siku ileile kama ilivyo desturi yetu, na hakuna aliyekwenda kwa msajili. Miaka kumi na moja baadaye tulianza kukimbizana na barua ya chifu. Kama nyumbani kwenu kuna kifo ambacho hakijaandikishwa na mtoto yuko kidato cha tatu, anzeni sasa.

Jambo jingine: aliyechagua chuo kikuu cha binafsi kupitia KUCCPS anaweza kuomba mkopo lakini hapati ufadhili wa serikali. Kwenye orodha majina ya vyuo hukaa pamoja, na familia huligundua hilo baada ya barua kufika. Basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, zipo pia, ombeni zote, ila zihesabuni kama nyongeza. Hundi ya basari mara nyingi hufika muhula ukiwa umeshafika kati.

Mdogo wake na bweni

Mtoto wa Gredi ya 9 hufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini. Matokeo yake hayategemei mtihani huo peke yake: asilimia 60 hutoka hapo, 20 hutoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6, na 20 kwenye kazi za darasani za Gredi ya 7 na 8. Masomo ni tisa, kila moja lina viwango vinane, kwa hivyo jumla kubwa ni 72. Hakuna tena "alama mia nne" za mtihani wa zamani wa darasa la nane. Mzazi anayeuliza "amekuwa wa ngapi?" hatajibiwa.

Kinachoamua zaidi ni mkondo. Shule ya upili ya juu ina mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, ambao wote wanauita STEM; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Ndani ya mkondo mtoto huchukua masomo matatu ya kuchagua, na hayo matatu ndiyo yatakayofungua au kufunga kozi za chuo miaka mitatu baadaye. Yule msichana wa uuguzi, kama angekuwa kwenye mfumo huu, angetakiwa kulijua jambo lake akiwa na miaka kumi na minne. Ni mapema mno, nakubali. Ndiyo sababu kubwa ya kukaa na mtoto na madaftari yake, mtazame pamoja kazi anazozifanya bila kusukumwa, kabla ya kufungua orodha ya shule. Si kila shule ina mikondo yote mitatu. Shule yenye jina kubwa isiyo na somo lake haimfai.

Shule sasa zimepangwa makundi manne, C1 hadi C4, na C1 ndizo zilizokuwa za kitaifa. Kwetu Shimo la Tewa na Mama Ngina zilikuwa humo. Waliotangulia walijaza shule kumi na mbili, tisa za bweni na tatu za kutwa. Zile tatu za kutwa watu huzijaza huku wamesimama, ilhali wengi huangukia huko. Nendeni mkazione.

Na je, bweni lenyewe ni la lazima? Sifikiri hivyo. Mtoto wa Majengo anayeweza kwenda kwa miguu shule ya kutwa, akarudi akala wali kwa samaki na akalala kwao, ana jambo ambalo karo ya bweni hainunui. Lakini najua pia nyumba za chumba kimoja ambako watu saba hulala na taa huzimwa saa tatu. Najua mitaa ambako kijana wa kiume akitoka jioni mama hapati usingizi. Kwa nyumba hizo bweni ni meza, taa na masaa ya utulivu. Itazame nyumba yako, usitazame ya dadako.

Karo iliyoidhinishwa kwa zilizokuwa shule za kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, nusu yake ikitakiwa muhula wa kwanza. Juu yake weka safari. Treni ya Miritini hadi Nairobi, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kwenda na kurudi mihula mitatu ni mara sita, yaani 9,000 kwa mtoto pekee, kabla ya matatu ya kutoka Syokimau, kabla ya likizo za katikati ya muhula, na kabla hujaitwa na mwalimu mkuu. Wapwani tunapochagua shule ya Limuru au Nyandarua, safari ndiyo hutushinda, na mtoto huishia kukaa mihula miwili bila kutembelewa.

Baridi ya huko Juni na Julai hutaijua kwa kuambiwa. Mwenye pumu au siko seli (selimundu), ugonjwa ulio kwenye familia nyingi za pwani, asipelekwe sehemu ya baridi kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu baridi huchokoza maumivu ya siko seli. Barua ya daktari na dawa zikabidhiwe muuguzi wa shule mkononi, mzazi akishuhudia.

Kwa familia za Kiislamu, ulizeni kuhusu hijabu, swala ya Ijumaa na futari ya Ramadhani kabla ya kujaza jina la shule. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya rufaa iliyokuwa imewaruhusu wasichana kuvaa hijabu katika shule moja iliyofadhiliwa na kanisa, na tangu hapo jambo hili hutegemea sana kanuni za kila shule. Muulize mwalimu mkuu kwa heshima, na uombe akuonyeshe palipoandikwa.

Halafu lala chini ya dirisha. Nina maana hiyo hasa: ukitembelea shule, omba kuingia bwenini, ulale kidogo kwenye kitanda kilicho chini ya dirisha na ujiulize ungetokaje usiku umeme ukikatika na moto ukiwa mlangoni. Machi 1998, shule ya wasichana ya Bombolulu huko Mazeras, mwendo mfupi kutoka hapa, iliwaka moto usiku na wasichana 26 wakafa. Kila mmoja wetu wa umri wangu anamjua mtu aliyemjua mmoja wao. Muongozo wa usalama shuleni uliotolewa na wizara 2008 unataka milango ya bweni iwe na upana wa futi tano na ifunguke kwa nje, mmoja kila upande na wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2, na njia ya kupita iwe mita 2. Chukua utepe wa fundi cherehani mfukoni, mita moja na nusu, unatosha. Mwalimu mmoja alicheka nilipoutoa. Nilipopima kati ya vitanda nikapata sentimita arobaini, akaacha kucheka, na sisi tukafuta jina la shule ile kwenye fomu.

Vitu vya kubeba sitaviorodhesha, shule itakupa karatasi. Nunua sanduku la bati kwa mafundi, siyo dukani, na utazame bawaba na kitasa kwa mikono yako. Jina liandikwe ndani ya kifuniko kwa rangi, kwa sababu la nje hukwaruzwa. Muhimu zaidi ni wiki sita za kabla. Afue shati zake mwenyewe na kuzianika. Apewe shilingi mia tano, azitumie mwezi mzima na aandike alivyozitumia. Akariri namba mbili za simu kichwani. Mwambie, na umrudie mara nyingi, kwamba mkubwa yeyote, mwalimu au mwanafunzi, akimgusa au kumlazimisha jambo, aseme siku hiyohiyo na hatagombezwa.

Mama wa Kisauni na mimi tulikaa kwenye saiba mpaka ikafungwa. Laini ya kijana ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mjomba, tukapoteza siku mbili kuibadilisha. Siku ya sita maombi ya ufadhili na mkopo yaliingia. Tuliandika barua kwa msajili wa chuo kuomba alipe karo kwa awamu, na akakubali. Kijana aliripoti siku ya mwisho, saa tisa alasiri, na godoro alilonunua njiani. Jibu la daraja lake lilifika akiwa ameshakaa wiki kadhaa darasani, na muda wote huo mamake alikuwa akimtumia shilingi mia mbili mbili za chakula.